Maji ya akiba nyumbani: kuyatibu na kuyahifadhi kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu watu wengi hawaweki akiba ya maji ya kunywa kwa sababu maji tunayaona kila upande. Tukuyu mvua haikauki, Njombe na Makete vijito vinashuka kila bonde, na Mbeya mjini bomba likikata hukosi mtu wa kukuelekeza chemchemi. Shida yetu ni maji yanayonyweka. Mvua za Januari hadi Aprili zikikolea, mto unajaa tope, chanzo kinafungwa, bomba linapasuka, choo cha shimo kinafurika, na kisima kilichokuwa kizuri wiki iliyopita kinaingiwa na maji ya mtaroni. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Siku ya namna hiyo hakuna anayepata nafasi ya kutafuta dumu safi.

Kuna imani inayotuponza zaidi: kwamba maji ya mlimani yakiwa baridi na maangavu, ni salama. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havionekani kwa macho, na ubaridi hauviui. Juu ya chemchemi kuna ng'ombe wanachungwa, kuna shamba la viazi lililowekwa samadi, kuna watu wanajisaidia. Maji yanakufikia yakiwa meupe na matamu, na bado yamebeba yote hayo.

Basi tuanze.

Piga hesabu ya kiasi

Mtu mmoja anahitaji kama lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Weka 4, kwa sababu kuna kuosha mikono, kupiga mswaki, na mgonjwa au mama anayenyonyesha anayehitaji zaidi. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho kila nyumba inaweza kukimudu, hata aliyepanga chumba kimoja Mwanjelwa. Mwenye nafasi aweke ya wiki nzima. Maji ya kufulia, kudekia na kumwaga chooni yahesabu pembeni, na yakae kwenye vyombo vyake. Hayo hayahitaji kutibiwa.

Chagua dumu, na hapa uwe mkali

Dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kukaza ndilo bora kwa akiba. Ndoo pana inafaa kama ina mfuniko unaobana na koki ya kufungulia chini. Dumu lililokuja na mafuta ya kula halina neno ukiliosha vizuri. Ukiligeuza chini utaona pembetatu yenye namba. 1, 2 na 5 ndizo plastiki zinazotumika kwa vyakula na vinywaji.

Ila namba hiyo haikuambii dumu lilibeba nini kabla ya kufika kwako, na ndipo penye hatari yenyewe. Sisi ni wakulima. Mahindi, viazi mviringo, nyanya, chai, vyote vinapigiwa dawa, na madumu matupu ya dawa hizo yanazagaa mashambani na kuuzwa minadani kwa bei rahisi. Usiliguse kwa maji ya kunywa, hata kama muuzaji anaapa ameliosha mara kumi. Plastiki inanyonya sumu na kuiachia polepole, na sumu hiyo haiondoki kwa sabuni wala kwa kuchemsha maji baadaye. Hivyohivyo dumu la petroli, dizeli, mafuta ya taa au oili. Ukinunua dumu lililotumika, lifungue, subiri kidogo, unuse. Likiwa na harufu usiyoweza kuitaja jina, liache hapohapo. Na kama una madumu ya dawa nyumbani kwako, yatoboe mwenyewe kabla ya kuyatupa, ili asije mwingine akayaokota akachotea maji watoto wake.

Lioshe dumu mpaka ndani kabisa

Mkono hauingii kwenye dumu, ndiyo maana utelezi wa kijani hujificha kwenye kona za chini na ndani ya mkono wa kushikia. Tia changarawe ndogo safi kiganja kimoja, sabuni ya unga kidogo na maji robo dumu. Funga, tikisa kwa nguvu, lilaze upande mmoja utikise, geuza upande wa pili, kisha lisimamishe kichwa chini utikise tena. Changarawe ndizo zinazokwangua. Mwaga, suuza mpaka povu liishe, kisha mulika tochi kupitia mdomoni uangalie kona. Ukiona bado kuna utelezi, rudia.

Baada ya hapo chukua jiki isiyo na manukato wala rangi. Vijiko viwili vya chai ndani ya lita moja ya maji, mimina kwenye dumu, funga, tikisa ili iguse kila mahali, acha dakika moja, mwaga, suuza kwa maji yaliyotibiwa. Kifuniko nacho kipate haki yake. Watu wanaosha dumu likang'aa, kisha wanalifunga kwa kifuniko kilichokuwa kimelala chini uani.

Maji yakiwa na tope, yasafishe kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inaharibu zote zinazofuata. Klorini ikitiwa kwenye maji ya tope humalizikia kwenye uchafu, vimelea vikabaki. Mwanga wa jua nao haupenyi. Kwa hiyo maji yakitoka bombani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiharakie dawa.

Yaache ndooni yatulie usiku mzima, yamefunikwa. Asubuhi yamimine taratibu kwenye chombo kingine ukiacha tope chini. Usiyatikise, usiyavuruge kwa kikombe. Kisha yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne. Kitambaa cha zamani kinachuja vizuri kuliko kipya kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kusongana. Hili si jambo la kubahatisha: mtafiti Rita Colwell na wenzake walilijaribu vijijini Bangladesh kwa vitambaa vya sari kuukuu, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo kwamba wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Kwako hiyo ni hatua ya maandalizi tu. Bado hujaua kitu. Kikunje kitambaa upande uleule kila mara, na ukimaliza kifue kwa sabuni na kukianika juani.

Jambo dogo kuhusu bomba: mgao ukiisha na maji yakirudi, yaache yamwagike kwanza kwenye ndoo ya kudekia. Bomba likiwa tupu, mipasuko yake huvuta maji machafu ya ardhini, na hayo ndiyo yanayotangulia kutoka.

Kuchemsha

Kwa maji ya kunywa ya kila siku, hakuna kinachoshinda moto. Unaua kila kimelea, hata vile vinavyovumilia klorini.

Huku juu watu huuliza kama mwinuko unaathiri. Unaathiri kidogo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Makete, kuliko juu zaidi, huchemka kwenye karibu 93. Lakini vimelea vya maradhi ya tumbo huanza kufa maji yakipita nyuzi 65 hivi, kwa hiyo mpaka sufuria linatokota, kazi imeshafanyika kwa sehemu kubwa. Ushauri wa kawaida ni dakika moja ya kutokota kwa nguvu, na dakika tatu kwa walio juu ya mita 2,000. Mimi nasema sote wa nyanda hizi tushike dakika tatu, uwe Uyole, Mafinga au Bulongwa. Ni rahisi kukumbuka, na haimalizi mkaa. Dakika ishirini ambazo wazazi wetu walifundishwa ni kuchoma kuni bure. Kutokota maana yake mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na uso mzima wa maji unaviringika. Vipovu vidogo pembeni mwa sufuria na mvuke juu havitoshi.

Ukishaepua, acha maji yapoe humohumo kwenye sufuria, mfuniko juu. Usimimine ya moto kwenye dumu la plastiki, litajikunja. Usiyapoze kwa kuongeza kikombe cha maji mabichi, hata kidogo. Ukifanya hivyo umechemsha bure. Jioni ndio wakati mzuri: chemsha baada ya kupika chakula, makaa yakiwa bado na nguvu, na asubuhi yamepoa. Msimu wa baridi, Juni na Julai, mimina mengine kwenye chupa ya chai. Mzee na mtoto wakipata maji ya uvuguvugu yaliyo tayari hawatakwenda kuchota ya bombani.

Udhaifu wa maji yaliyochemshwa ni kwamba hayana kinga. Mkono mchafu ukiingia, vimelea vinaanza upya. Ndiyo maana kwa akiba ya muda mrefu natumia klorini.

Klorini

Njia rahisi ni vidonge au dawa ya maji ya WaterGuard, vinavyopatikana maduka ya dawa. Vidonge vina ukubwa tofauti, kwa hiyo soma pakiti kila unaponunua: kimoja ni cha lita ngapi, na maji yenye ukungu yanataka vingapi. Usikadirie kwa mazoea ya pakiti ya zamani. Vidonge ni vya kuyeyusha ndani ya maji. Waeleze watoto wazi kwamba havimezwi.

Ukikosa, jiki inafaa kwa masharti. Iwe ya kawaida, bila manukato, bila sabuni, bila rangi. Chupa iandikwe sodiamu hipokloraiti na kiwango chake. Kwa ile ya asilimia 3.5, dumu la lita 20 la maji maangavu linahitaji mililita 2.5, yaani nusu kijiko cha chai. Vijiko vyetu havilingani, kwa hiyo nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano yenyewe, ulitenge kwa kazi hiyo. Ukinyonya mpaka mstari wa 2.5 huna haja ya kubahatisha. Jiki ikiwa kali zaidi, punguza kwa uwiano: ya asilimia 5 inataka mililita 1.75 hivi. Isiyo na kiwango kilichoandikwa, itumie kufulia.

Tia dawa, funga, geuza dumu mara kadhaa ichanganyike, legeza kifuniko kidogo maji yenye dawa yapite kwenye nyuzi za mdomo, kaza tena. Subiri nusu saa. Hapa ndipo baridi yetu inapohusika: klorini hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi sana. Maji ya Julai yanayouma meno yape saa nzima. Kisha nusa. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Ina maana dawa imeua ilichokikuta na nyingine imebaki kulinda. Usiposikia harufu kabisa, rudia kipimo kilekile usubiri robo saa nyingine. Bado hakuna harufu? Hayo maji ni machafu mno, au jiki yako imechakaa. Jiki hupoteza nguvu ikikaa, kwa hiyo andika tarehe ya kununua kwenye chupa, na ikipita miezi sita usiitegemee kwa maji ya kunywa. Kamwe usiichanganye na dawa nyingine za kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu.

Wapo wanaolalamikia ladha. Mimina kutoka jagi hadi jagi mara chache kabla ya kunywa, harufu itapungua.

Jua, kwa asiye na mkaa wala dawa

Chupa angavu za plastiki za maji au soda, zisizozidi lita 2, zisizokwaruzika, bila karatasi zake. Jaza maji maangavu, funga, zilaze juu ya bati kwa muda wa saa sita chini ya jua kali. Anga likiwa limefunikwa mawingu nusu au zaidi, ziache siku mbili. Kinachoua ni mionzi ya jua, na ndiyo maana Iringa mwezi Agosti, jua likiwaka huku upepo ukikata masikio, njia hii inafanya kazi vizuri hata chupa ikibaki baridi. Machi kwenye ukungu wa Rungwe usiitegemee. Kupima uangavu, simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kupitia mdomoni. Maandishi yasiposomeka, chuja tena.

Linda ulichokitibu

Kila nyumba ina kikombe kimoja kinachoelea kwenye ndoo. Mtoto anarudi kutoka kucheza, anafunua, anazamisha kikombe na vidole vinne ndani ya maji, anakunywa nusu, anamwagia iliyobaki humohumo. Kazi yote ya jana usiku, mkaa wote, vimeishia hapo. Maji mengi yanayotuumiza hayakuwa mabaya yalipotoka jikoni. Yaliharibiwa kati ya ndoo na mdomo.

Kwa hiyo maji ya kunywa yamiminwe, yasichotwe. Ndoo yenye koki iwekwe juu ya stuli, mahali mtoto anafikia koki lakini hafikii mfuniko. Kama koki haipo, tumia jagi lenye mfuniko, au kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa ukutani na haiguswi kwa kazi nyingine. Msaidizi wa nyumbani, bibi aliyekuja kutoka kijijini, wageni wa msiba, wote waelezwe kwa upole ni ndoo ipi ya kunywa. Bandika kipande cha karatasi, au funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa ndoo.

Madumu ya akiba yakae mahali penye giza na ubaridi, juu ya mbao, yasiguse sakafu. Wengi tuna stoo moja ya kila kitu: mahindi, mbolea, dawa ya kuhifadhia mahindi, galoni la petroli ya pikipiki. Usiweke maji humo. Mvuke wa petroli hupenya plastiki, na maji yatachukua harufu bila dumu kufunguliwa. Chini ya kitanda ni bora kuliko stoo.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Akiba uliyojaza mwenyewe ibadilishwe kila miezi sita, na msimu wetu unatupa kalenda: badilisha Novemba kabla ya mvua, watu wanapoandaa mbegu, na tena Mei mvua zinapokata. Ya zamani usimwage. Fulia, mwagilia bustani. Ukishafungua dumu la akiba, limalizwe ndani ya siku chache.

Simtanki nayo isafishwe angalau nyakati hizohizo mbili. Anayevuna maji ya bati aelekeze mvua za kwanza za msimu nje ya tanki, maana zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi sita. Hata baada ya hapo, maji ya mvua yatibiwe kabla ya kunywa.

Maji yasiyotibika nyumbani

Moto, klorini na jua vinaua vimelea tu. Haviondoi kemikali, kuchemsha hata huzizidisha ukali, kwa kuwa maji hupungua na sumu hubaki. Chunya na Songwe, wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamatia dhahabu, na kijito kinachopita chini ya pale wanapooshea si cha kunywa kwa njia yoyote ya jikoni. Vilevile mtaro unaotoka kwenye mashamba yaliyopigwa dawa, au maji yenye utando wa mafuta juu. Tafuta chanzo kingine, hata kikiwa mbali. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike mpaka kitolewe maji na kutiwa dawa na wataalamu. Kwa vijijini anzia kwenye jumuiya ya watumia maji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Na kisima chochote kilicho chini ya mita 30 kutoka choo cha shimo kitilie shaka mwaka mzima.

Mtu akianza kuharisha

Usisubiri kujua ni maji gani yalimdhuru. Mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini, iliyochanganywa kwa maji yaliyotibiwa, kila anapoharisha, kidogokidogo. Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, nusu kijiko cha chumvi. Onja kwanza; yasizidi chumvi ya machozi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kuharisha kukiwa kama maji ya mchele, kukiwa na damu, mtoto akilegea au akiacha kukojoa, mpeleke zahanati mara moja huku mkiendelea kumnywesha njiani. Nyumbani, wote mhamie kwenye dumu la akiba, na ndoo ya zamani imwagwe, ioshwe kwa jiki, ianikwe.